Kiti cha Kulia cha Chevelle

Owosso, Michigan
10 Februari 2019

Mpwa wangu Maribeth,

Nakusalimu wewe na mumeo Dario, nikitumaini huko Spokane baridi ina adabu kuliko ya kwetu. Huku theluji imepanda hadi madirisha ya banda la kuku, na kuku wamegoma kutaga. Jirani yangu Gus Haverkamp ameteleza kwenye ngazi zake mwenyewe akavunja kidole kidogo, na jinsi anavyolalamika ungedhani amekatwa mkono. Mimi mzima. Daktari kaniambia nipunguze pai kwa ajili ya sukari, nami nimempa heshima yake, nakula kipande kimoja tu. Simu usinipigie. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kiliondoka na masikio yangu, na kumuuliza mtu "unasemaje" mara ya nne kunanitia aibu. Wewe andika.

Sasa neno lenyewe. Unaijua Chevelle yangu, lile gari ulilokulia kwenye kiti chake cha nyuma. Niliinunua mwaka 1970, kijana asiye na akili ila mwenye mshahara. Marehemu Loretta wangu aliniruhusu kuipenda lakini si kuikimbiza. "Ukistaafu," alikuwa akisema, "nitakaa kwenye uzio na sandwichi yangu nikutazame ukijiua." Nilistaafu, naye akaugua, na yaliyofuata unayajua. Basi nimejiandikisha. Agosti, uwanja wa mbio za magari wa Blackberry Ridge, siku ya watu wa kawaida. Hakuna mashindano wala kikombe, kila mtu anazunguka na gari lake mpaka kiu imtoke.

Nimeshaanza kazi. Sakafu iliyoliwa na chumvi ya barabarani nimeikata, nimechomelea bati jipya. Gus ananiona muuaji. Anasema gari ambalo injini na bodi vilitoka kiwandani pamoja na mpaka leo viko pamoja, halitobolewi. Linafunikwa shuka, Jumapili linapelekwa maonyesho, watu walitazame huku wakila soseji. Nilipotoboa tundu la kwanza la kufungia kizimba cha vyuma, kile cha kukukinga gari likipinduka, alitoka nje bila kuaga. Baadaye alirudi kunishikia taa.

Nina ombi. Mgeni haruhusiwi kuingia uwanjani bila mwalimu kwenye kiti cha kulia. Wewe ni mwalimu wa mambo hayo huko kwenu. Njoo ukae kulia kwangu. Simtaki mtu mwingine.

Mjomba wako,
Orrin


Spokane, Washington
3 Machi 2019

Shikamoo Mjomba,

Bahasha ilifika na alama ya grisi, nikamjua mwandishi kabla ya kusoma jina. Sisi wazima. Dario anakusalimu, na bado anadai nyumba yetu inanuka tairi. Karakana ya mabasi ni ileile, breki asubuhi, breki jioni. Mpe Gus pole ya kidole, umwambie nimesema ni kidole kidogo.

Nimefurahi mpaka nikasoma barua yako kwa sauti mezani. Lakini nisikilize mimi sasa, maana hapa mimi ndiye mkubwa. Usianze na injini. Mwendo hata mjinga anaweza kuununua, kazi ni kusimama. Zile breki za ngoma za mbele toa, weka diski kubwa. Mafuta ya breki ya zamani mwaga yote, kwa sababu yakipata moto yanachemka, na yakichemka unakanyaga hewa. Ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, weka kuta ndogo, la sivyo kwenye kona ndefu oili yote itakimbilia upande mmoja na injini itakauka koo. Na kile kiti kama sofa la sebuleni kiende. Utateleza juu yake kama yai kwenye kikaango.

Kitu kingine, anza kujizoeza leo. Huko uwanjani watu hawapitani kwa ubabe. Aliye nyuma hakupiti mpaka umtolee mkono dirishani na kumwonyesha upande wa kupita. Nakwambia wewe, ambaye tangu nikujue hujawahi kumpisha hata gari la maiti.

Kuhusu kiti cha kulia, tutazungumza.

Mpwa wako,
Maribeth


Owosso
24 Machi 2019

Maribeth,

Marahaba. Lile gari la maiti lilikuwa tupu, nilishakueleza.

Kanisani ni Kwaresima, msimu wa samaki wa Ijumaa, na wamenipa kazi ya kusimamia kikaango tangu Loretta aliposhindwa. Theluji inayeyuka, njia ya kuingilia kwangu ni uji mtupu. Kuku wawili wamekumbuka wajibu wao.

Diski zimefungwa, mbele na nyuma. Mafuta ya breki mapya. Kiti kipya kinanibana mbavu kama shangazi aliyeniona baada ya miaka, lakini nimekizoea. Sampu ameitengeneza Gus kwa mikono yake, na sasa anawaambia watu mgahawani kwamba gari ni letu sote wawili.

Nimefanya mengine kwa akili yangu. Busta ya breki nimeitoa, ile chupa kubwa nyeusi inayousaidia mguu kusukuma. Watu wa mbio wengi hawaitaki, wanapenda kuisikia breki yenyewe. Pedali ya mafuta nayo nimeiongezea springi ya pili. Ilikuwa laini mno, hujui kama umekanyaga au hujakanyaga. Sasa inakujibu.

Gus alinicheka juzi mpaka akashika kidole chake. Nilivua buti jioni, nati ikadondoka, nati ya gurudumu, kubwa kama gololi. Nilikuwa nimetembea nayo ndani ya kiatu siku nzima. Uzee una vituko.

Hujanijibu kuhusu kiti cha kulia. Kitanda chako cha zamani nimeshakitandikia.

Mjomba


Spokane
5 Mei 2019

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo. Karakanani wamenihamishia ofisini kwa muda, napokea vipuri na kugombana na madereva. Dario amepanda nyanya mapema mno, na baridi ya usiku mmoja imezimaliza.

Sitaweza kukaa kiti cha kulia mwezi wa Agosti. Najua ulivyoomba na najua unaomba mara ngapi katika maisha. Tafadhali usiniulize sababu. Blackberry Ridge wana walimu wazuri, nimemwandikia mmoja ninayemfahamu, Feddersen, daktari wa meno, mtu mtulivu. Atakutunza.

Na hiyo busta sijaielewa. Gari zito namna hiyo, na wewe si kijana wa ishirini. Wanaoitoa ni wenye vigari vyepesi. Mimi ningekuwekea kubwa zaidi, si kuitoa. Kwa nini, Mjomba? Na ile nati, umemwambia daktari?

Maribeth


Owosso
14 Mei 2019

Maribeth,

Nimeipata. Hapa wazima, mvua ipo.

Daktari wa meno sina haja naye, meno yangu yako kwenye glasi. Kama huniamini nyuma ya usukani, sema huniamini. Mimi ndiye niliyekufundisha klachi kwenye barabara ya shamba la mahindi, ukanivunjia taa mbili, na sikushuka garini hata mara moja. Nilikaa kulia, kimya, nikala tofaa langu.

Orrin


Spokane
9 Juni 2019

Shikamoo Mjomba,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Kwanza salamu. Dario mzima, mimi mzima, nyanya zimepandwa upya.

Si kweli kwamba sikuamini. Lakini nimefanya kazi ya breki miaka kumi na tano, na kila dereva anayekuja kulalamika pedali ni laini, huwa natazama pedali kwanza, halafu namtazama dereva. Nimekaa na barua zako. Nati kubwa kama gololi ndani ya kiatu, hukuisikia. Busta umeitoa. Springi umeongeza. Mjomba, hutengenezi gari la mbio. Unalifanya gari liwe gumu ili mguu wako ulisikie.

Ni sukari iliyoutia mguu ganzi, na nadhani si jana wala juzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huko uwanjani haitakuwa kifo chako peke yako. Mguu usiosikia unaweza kukanyaga mafuta ukidhani umekanyaga breki, na mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua.

Sikukatazi. Ungenikataza mimi nisingesikia. Lakini kuna watu wa viti vya magurudumu wanaoendesha uwanjani kwa mikono tu. Kuna wenzo unafungwa chini ya usukani, unasukuma ni breki, unavuta ni mafuta. Naweza kukutengenezea kwa vipimo vya Chevelle, nipe muda tu. Agosti hii hautakuwa tayari. Mwakani utakuwa.

Nijibu kwa ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Maribeth


Owosso
8 Julai 2019

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa Gus, aliyekula mahindi yangu yote ya sikukuu ya uhuru ya tarehe nne na bado akabeba mengine kwenye kofia. Fataki zilikuwa chache mwaka huu. Kuku sita wanataga.

Gari limepakwa rangi. Nimerudia bluu yake ileile, Gus akafuta macho na kusema ni vumbi. Kizimba kimekamilika, mikanda ya bega imefungwa, matairi mapya yamefika. Nililiwasha jana, na mama yule wa nyumba ya pili akatoka na ufagio akidhani ni radi. Linasimama vizuri. Nimelijaribu kwenye barabara ya shamba.

Mguu ni wangu, na mwakani si wangu. Nina umri wa miaka sabini na moja, na watu ninaowajua wengi walikuwa na mpango wa mwakani, nimebeba majeneza yao. Loretta alikuwa nao. Kwa hiyo Agosti nitaingia uwanjani, na nitaendesha. Wenzo wako ni mzuri, sitaki kuukashifu, ila sijafika huko.

Umenivua nguo, nami nikakubali kuvuliwa. Sasa wewe. Mtu anayempenda mjombake hamwambii "usiniulize sababu". Una siri, na mficha uchi hazai. Sema.

Orrin


Spokane
20 Julai 2019

Mjomba,

Shikamoo. Methali yako iliniuma kuliko ulivyokusudia, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje mpaka Dario akanifuata. Hukujua, kwa hiyo sikulaumu. Sasa ujue.

Nina mimba. Nitajifungua mwezi wa kumi, Mungu akipenda. Mwaka juzi nilimwambia kila mtu mapema, marehemu Loretta akiwa hospitali tayari ameanza kufuma soksi za mtoto, halafu ikatoka, na nikalazimika kumwambia kila mtu mara ya pili. Kuwaambia ndiko kulikonimaliza. Niliapa safari hii sitamwambia mtu mpaka nimshike mkononi. Ndiyo maana niko ofisini, na ndiyo maana siwezi kufungwa mikanda mitano kwenye kiti cha kulia. Ningekuja, Mjomba. Ningekuja kwa miguu.

Kwa hiyo nami nilikuwa naficha mwili wangu kama wewe ulivyoficha wako. Sisi ni wa nyumba moja.

Sitakuambia tena usiendeshe. Nitakuambia tu ninachowaambia wanafunzi wangu. Aliye nyuma yako hakujui jina. Anachokijua ni kwamba utafunga breki pale pale ulipofunga mzunguko uliopita, na maisha yake ameyaweka hapo.

Maribeth


Owosso
18 Agosti 2019

Mpwa wangu mpendwa Maribeth,

Nimeisoma barua yako, nikaenda nayo makaburini, nikamsomea Loretta. Kisha nikarudi nikaiweka mahali Gus haoni, maana Gus mdomo wake ni redio. Samahani kwa methali. Kula vizuri. Usinyanyue vitu.

Sasa nikupe habari za jana, moja baada ya moja.

Tulifika mapema, gari likiwa juu ya trela, Gus amevaa kofia mpya. Kabla hujaingia kuna mtu wa kukagua. Alikuwa mama mmoja, Bi. Kowalczyk, mfupi, mikono kama ya fundi bomba. Akatikisa magurudumu, akavuta mikanda, akatazama kama betri imefungwa. Watu walikuwa wameshajaa kulizunguka gari, na Gus anawahutubia habari za sampu. Nilikuwa nimekwisha amua nitaendesha. Usidhani barua yako ilinigeuza. Ilinikera usiku kucha, lakini haikunigeuza.

Yule mama akaingia, akakanyaga breki. Akakanyaga tena kwa miguu miwili. Akanitazama.

"Mzee, hii mbona ngumu hivi? Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Kwa nini sasa?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la watu wa mbio kupenda kuisikia breki. Nilishalisema mgahawani mara nyingi mpaka linatoka lenyewe. Mdomo nilikwisha kuufungua. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana na gari jekundu, kamwinamia mkewe anamsaidia kufunga helmeti, na nikafikiri huyu hajui jina langu. Maneno yako hayo, uliyaweka kichwani mwangu bila ruhusa.

Nikamwambia, "Breki nzima, mama. Mguu ndio mbovu. Hausikii kitu."

Gus akavua kofia yake mpya. Bi. Kowalczyk akatoka garini taratibu, akajipangusa mikono.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Basi gari limepita," akasema. "Wewe hukupita. Pole, baba. Kweli pole."

Nilienda nyuma ya trela nikasimama. Sitakuficha, nililia, na nilikuwa na hasira na kila mtu, na wewe, na Loretta kwa kufa, na yule mama kwa kuuliza swali la kawaida. Feddersen wako alinikuta hapo. Mrefu, mpole, anazungumza kama anakuambia fungua mdomo. Hakunifariji. Akasema, "Sijawahi kuendesha Chevelle. Nikiendesha mimi, utakaa kulia uniambie ninakosea wapi?"

Nikamwambia sharti moja, aliendeshe kama anataka kulivunja.

Maribeth, lile gari linakwenda. Miaka hamsini nimekuwa nalo na sikuwahi kulijua. Kwenye mteremko wa nyuma lilinguruma mpaka nilisikia mimi, mimi nisiyesikia. Kona ya kwanza Feddersen alifunga breki, akatoa sauti ya mtu aliyeinua gunia. "Hii breki ya punda!" akasema. Oili haikukimbia, sampu ya Gus ilishika, na hatutalala kwa ajili ya hilo maana ataisimulia mpaka Krismasi. Kigari kidogo cha Kijapani kikaja nyuma yetu. Feddersen akanigusa bega: upande ni wa kulia, toa mkono. Nikautoa dirishani, nikampisha. Akapita, akapunga. Haikuuma kama nilivyodhani.

Mzunguko wa tatu au wa nne ndipo nilipotazama chini. Sijui kwa nini nilitazama. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Kila Feddersen alipofunga breki, mimi nami nafunga, kwa nguvu zote, paja linatetemeka, na pale chini hakuna pedali, pana lile bati nililochomelea mwezi wa pili. Sikuusikia hata kidogo. Niliuona tu, kama unavyouona mguu wa abiria mwingine. Ulikuwa unafanya kazi yake kwa uaminifu, kona baada ya kona, mahali patupu. Hapo ndipo nilipoamini. Daktari alisema nikabisha, wewe ulisema nikabisha, na mwenyewe nilikwisha kumwambia Bi. Kowalczyk huku moyoni bado nabisha.

Tulipotoka, Gus aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia ni gari zuri. Nilikula sandwichi kwenye uzio na kutazama wengine mpaka jioni.

Leta vipimo vya wenzo wako, nitakukatia vyuma huku, wewe usishike msumeno. Mtoto akishakua wa kuachiwa baba yake kwa wiki moja, njoo. Utaendesha wewe kwanza, mimi nitakaa kulia. Ukiniona nakanyaga sakafu usiniambie kitu, endelea kuendesha.

Mjomba wako,
Orrin